Mwenyekiti Hawezi Kukojoa

12 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa wasio wazima, na hao nitawafikia.

Mama anakusalimu. Goti lake linakusalimu pia, maana siku hizi linatajwa kabla yake. Presha inapanda na kushuka. Dawa anazo, kuzimeza ndiyo kazi. Biashara ya kukodisha viti inakwenda. Mwezi huu harusi chache ila misiba si haba, na watu wa msibani ni waungwana kuliko wa harusini. Wanakaa, wanalia, wanaondoka, na kiti kinabaki na miguu yake minne. Harusi ya juzi wamenirudishia viti vimevunjika na turubai la bluu lina tundu la ukubwa wa sufuria. Nilipouliza, bwana harusi akasema ni furaha.

Sasa neno lenyewe. Mwenyekiti hawezi kukojoa.

Najua utauliza mwenyekiti gani, kwa sababu hukumbuki kitu. Ni paka, kaka. Yule wa rangi ya chai ya maziwa uliyemwokota nyuma ya karakana mwaka ule unaondoka, akiwa mdogo kama soksi. Mama ndiye aliyempa cheo. Humu ndani kuna viti zaidi ya mia mbili vya kukodisha na kimoja tu chenye mto, na hicho chenye mto ndicho alichokalia siku ya kwanza na hajakiachia mpaka leo. Mwenye viti ni mimi, Mwenyekiti ni yeye.

Basi alianza kuingia na kutoka, anachuchumaa kila pembe, kwenye beseni, kwenye kiatu changu, anajikaza uso umekunjamana kama karani aliyeombwa chenji, na hakitoki kitu. Mama akasema ni gesi. Kesho yake alilia kwa sauti hata jirani akaja kutupa pole akidhani tumefiwa. Nikamtia kwenye kapu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari mwenyewe ni bwana mrefu aliyezoea ng'ombe. Alipofunua kapu aliinua kitambaa kuona kama kuna mgonjwa mwingine mkubwa zaidi chini yake. Lakini kazi anaijua. Akasema kuna vijiwe vimeziba njia, na njia ya paka dume ni nyembamba kama waya. Tungechelewa kidogo, figo zingekufa naye angezifuata. Akampiga sindano ya usingizi, akampitishia mrija, na mkojo uliotoka, kaka, ungezima moto wa jiko.

Bili sikuandikii, usije ukaisoma ukiwa juu ya ngazi. Niseme tu kwamba sindano ile moja ni ghali kuliko sindano zote alizowahi kuchomwa Mama tangu azaliwe. Kama una chochote cha kutuongezea, usione haya kutuma.

Mabati ya nyumba yako bado sijanunua. Bei imepanda, nasubiri itulie. Pesa uliyotuma ya paa ipo salama na kuta zimesimama vizuri.

Mama anauliza unarudi lini.

Mdogo wako, mwenye viti


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika, na ndani yake nimekuta unyoya wa paka. Nimeuelewa kama ombi la pili.

Mimi mzima. Kazi ya lifti ni ile ile, kupanda na kushuka bila kufika popote. Juzi tulimtoa mkurugenzi mmoja aliyekwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, yeye na keki ya siku ya kuzaliwa ya mkewe. Tulipofungua mlango keki haikuwepo. Akasema hakujua angekaa humo muda gani. Huku baridi imeshika, tumenunua blanketi zito, tunakula mapema, tunalala mapema. Mpe Mama salamu, na goti pia.

Sasa huyo paka. Mdogo wangu, mimi nilipovunjika mkono nikiwa darasa la tano, Mama alinifunga rula na kipande cha shuka, akaniambia niache kujidekeza. Rula yenyewe ilikuwa inatakiwa shuleni, kwa hiyo kipindi cha hesabu nilikuwa natoa mkono mzima juu ya meza ndipo wenzangu wapige mistari. Jino langu liling'olewa kwa uzi na mlango. Wewe ulipougua surua, dawa yako ilikuwa kuambiwa usijikune. Leo paka anachomwa sindano ya usingizi. Ya usingizi. Paka, ambaye kazi yake yote duniani ni kulala.

Pesa ya paka sina. Nilikuwa na pesa ya mabati, na hiyo iko kwako. Barabarani kuna paka wengi wanaokojoa bure; chukua mmoja, mpake rangi, Mama bila miwani hatajua.

Nitumie picha ya nyumba ikiwa na paa. Kuna watu hapa nawaambia nina nyumba kwetu, nataka waione.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Wazo lako la kumpaka rangi nimemsomea Mama. Amesema rula bado ipo.

Mwenyekiti ameziba tena. Daktari alibaki naye kwake, kwenye banda moja na ndama mwenye kikohozi, na amerudi na harufu ya ng'ombe na madharau mapya. Ameandikiwa chakula maalumu cha kuyeyusha vijiwe. Kinakuja kwenye mfuko mdogo wenye picha ya paka anayecheka, na ukiambiwa bei ndipo unaelewa anachochekea. Sisi tunakula mboga za majani, yeye anakula dawa yenye ladha ya samaki. Jana nimeonja. Si mbaya.

Kwa jambo la pesa usijali, najibana.

Picha ya nyumba hiyo humo ndani. Paa halionekani vizuri kwa sababu mpiga picha alisimama karibu mno. Usiikunje.

Mama anauliza unarudi lini.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini Mama hajambo. Mimi nilikuwa sijambo mpaka nilipofungua bahasha.

Mpiga picha alisimama karibu, sawa. Nimeona ukuta, nimeona mlango. Nimeona na dirisha, na ndani ya dirisha nimeona wingu. Nikasema labda ni doa. Nikaazima kioo cha kukuzia. Kuna wingu na kuna ndege. Niambie ni nyumba gani ambayo ndege anaruka sebuleni. Na hicho cha bluu kinachoning'inia kwa juu ni turubai lako la harusi. Hata tundu la furaha ninaliona.

Sitaki mzaha. Pesa ile niliipata nikining'inia ndani ya shimo la lifti, kwa kamba iliyofungwa na mtu aliyekuwa anapiga miayo. Watu hapa nimewaambia nyumba ina paa. Nimewaambia hata rangi ya bati.

Niambie neno moja, ipo au haipo. Kama haipo, niambie imekwenda wapi. Na ukiandika neno paka katika jibu lako, liandike polepole.

Kaka yako


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Naandika polepole. Paka.

Karibu yote. Nilianza kuidokoa alipoziba mara ya pili, ndiyo maana nikakutumia picha ile. Iliyobaki inatosha bati la kufunika choo.

Sasa nisikilize kabla hujaichana. Alipoziba mara ya tatu, daktari alimwachia mrija wa muda, akanikalisha akaniambia njia ni mbili: upasuaji, au sindano ya mwisho. Sindano ya mwisho ni rahisi kuliko zote, hata mfukoni ninayo pesa yake. Nilichagua hiyo, sikufichi. Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya Mama kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamweleza taratibu. Hakubishana. Aliinuka, akachukua vidonge vyake vya presha, akavitia mfukoni mwa gauni.

"Kama pesa ya kutibu hakuna, haipo kwa wote," akasema. "Tusibaguane."

Nikadhani anatania, unajua alivyo. Nikamwacha. Wiki haijaisha akaanguka jikoni. Hakuanguka kwa kishindo, aliteleza ukutani kama gunia, akabaki amekaa sakafuni ananitazama, mdomo umekauka. Nilimpa maji, nikamwambia, "Mama, ni paka tu."

"Si paka tu," akasema. "Ni amana. Kaka yako alinipa mkononi, akasema nitunzie mpaka nirudi. Siku akirudi akauliza kitu chake, nimjibu nini? Nilikichoma sindano?"

Na kweli ulisema. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeshika begi lako. Ulisema kama mtu anavyosema haya tutaonana. Mama alisikia mkataba.

Basi nikaenda kutoa pesa ya mabati iliyobaki. Nilipomwonyesha Mama, alimeza kidonge kabla sijafunga mlango.

Upasuaji nao nikueleze, maana umeulipia. Njia ya dume ikishakuwa nyembamba hivyo, wanaipunguza mpaka wafike palipo pana. Kuipunguza ni neno la daktari. Kwa maneno yetu, wamekata. Yote. Mwenyekiti sasa anakojoa kama bibi harusi, amechuchumaa kwa adabu, na daktari anasema itakuwa taabu sana kuziba tena. Nilimuuliza Mama kama bado tumwite vile vile. Akasema cheo hakina jinsia.

Ukitaka kunitukana, nitukane, ila Mama usimtukane.

Na mimi nina swali. Mwezi wa tatu uliandika tumenunua blanketi, tunakula mapema, tunalala mapema. Kumtoa mkurugenzi kwenye lifti ni kazi ya wengi, hilo naelewa. Blanketi mnalala wangapi? Na bahasha zako tangu mwaka juzi zinaandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri. Wewe mwandiko wako ni kuku aliyekanyaga wino.

Mama anauliza unarudi lini. Safari hii hata mimi nauliza.

Mdogo wako


30 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu.

Mama anauliza kama mtu wa posta amekufa. Nimemwambia yu hai, juzi tu amekodi viti kwa harusi ya binti yake. Akasema, basi aliyekufa ni nani.

Mwenyekiti amevuliwa ile koni ya plastiki aliyofungwa shingoni asilambe mshono. Alikuwa anafanana na kipaza sauti cha mkutano wa hadhara, jambo ambalo kwa cheo chake si baya. Mshono umepona. Mama anameza vidonge bila kusukumwa.

Andika. Hata matusi andika, nitayasoma.

Mdogo wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtu wa posta asisingiziwe. Barua hii nimeianza mara nyingi, na karatasi nyingi zimeishia kufutia grisi mikononi.

Mwandiko ni wa mke wangu. Nimelitanguliza hilo ili nisipate pa kurudi nyuma. Anafanya kazi kwenye duka la vibao, anaandika majina ya watu kwenye milango ya ofisi, ndiyo maana herufi zake zimenyooka. Tuna mtoto wa kike, mwakani anaanza shule. Nilisema nitawaambia nikirudi, niwaambie ana kwa ana kama mtu mzima. Nikawa sirudi. Mwaka ukaongeza mwaka, na habari ikikaa sana inakuwa kama samaki, kila siku unayochelewa kuifungua inazidi kunuka.

Sirudi kuishi, mdogo wangu. Nitakuja kutembea, ila kuishi ni huku. Kazi iko hapa na watu wangu wako hapa. Nyumba nilikuwa najenga kwa sababu kila fundi kwenye kazi yetu anajenga kwao, na wakati wa chai tunaonyeshana picha. Kuna bwana mmoja nyumba yake ni ya ghorofa. Ndugu zake wanafugia kuku humo, juu na chini. Bado anatuonyesha picha.

Barua zako namsomea mtoto, sehemu za paka tu. Ile ya kukata niliiruka, akanidaka, akataka kujua yote. Sasa anamsimulia kila tunayekutana naye kwenye ngazi. Jirani wa chini ananitazama kama mimi ndiye niliyeshika kisu.

Kuhusu pesa nilikasirika, na Jumapili nikiwa sina kazi bado nakasirika kidogo. Lakini Mama anameza vidonge. Hilo tuliache hapo.

Usimwambie Mama. Nitamwambia mwenyewe nikipata namna.

Kaka yako


18 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mama anajua.

Kabla hujanuna, jua ilivyokuwa. Barua zako humsomea mimi, macho yake hayauwezi ule wino wa kuku. Nilisoma salamu, nikasoma mtu wa posta, nikaruka, nikasoma kwamba hasira zako zinakuja Jumapili, nikakunja. Mama akanyoosha mkono, akazichukua zile karatasi, akazipima kiganjani kama mtu anayepima sukari.

"Karatasi mbili, mbele na nyuma zimejaa," akasema, "na wewe umesoma maneno ya kiganja kimoja. Rudi ulikoruka."

Nikarudi. Nilisoma yote, mpaka hapo pa usimwambie Mama. Hapo alicheka kidogo, kwa pua.

Halafu akainuka. Alipika, alifua, alimchana Mwenyekiti manyoya. Kesho yake nilikuwa uani napanga viti vya msiba mmoja, akanifuata.

"Huyo mke, anakula vizuri?"

Nikasema sijui.

"Na mtoto amefanana na nani?"

Nikasema sijui, hakuandika.

"Hujui kitu, na barua unasoma wewe." Akavuta kiti kimoja cha plastiki, akakiweka peke yake katikati ya ua, akakaa, akalia. Sijamwona Mama analia namna ile tangu tumzike Baba. Nilisimama karibu yake nimeshika viti viwili kila mkono kama mpumbavu, sijui kuviweka chini wala kuvipeleka. Aliponyamaza alijifuta kwa upindo wa gauni, akasema, "Basi paka si amana tena. Ni wangu."

Nikamuuliza, "Na gharama zake?"

"Gharama bado ni za kaka yako."

Hayo ya Mama. Sasa langu, na sitalizungusha.

Miaka yote hii tunaandikiana hujawahi kuniuliza nalala wapi. Tunapanga, unajua. Mama analala chumba cha mbele. Mimi nalala cha nyuma, pamoja na viti, vimepangwa mpaka darini. Mvua ikinyesha nahamisha kitanda, viti sivigusi, kwa sababu viti ndivyo vinavyolipa kodi. Wewe unatuma pesa, nami nashukuru, na kila ukituma Mama anawaonyesha majirani bahasha. Mimi hakuna anayenionyesha kwa mtu. Goti la Mama nalikanda mimi. Paka nilimbeba mimi, kapu kichwani, watu wakiniuliza kuku bei gani. Nyumba yako nimeisimamia mimi tofali kwa tofali, na fundi wako amenipa jina ambalo siliandiki kwenye karatasi.

Kulikuwa na mtu alitaka kunioa, miaka mitatu iliyopita. Sikukuandikia. Alitaka tuhame, nikasema Mama nitamwacha na nani, kaka hajarudi. Akasubiri kidogo, akachoka. Simlaumu, wala wewe sikulaumu kwa hilo, hukujua. Nakwambia tu ujue.

Kama hurudi kuishi, nyumba nipe mimi. Sisemi unikopeshe, sisemi unikalishe humo niwe mlinzi wako. Nipe. Ukikataa nitaelewa, ila nitakaa muda bila kuandika.

Mdogo wako


12 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mke wangu anakula vizuri, kunishinda mimi. Mtoto amefanana na Mama, hasa akiwa amekasirika, na hukasirika mara kwa mara. Picha yao hiyo humo ndani. Mwonyeshe, na umwambie nimeandika hivyo.

Barua yako niliisoma juu ya lifti, nimekaa kwenye paa lake tukisubiri umeme urudi. Nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira, sikuipata. Nilichokipata ni aibu, na hiyo nitaibeba mwenyewe, sikuandikii kurasa.

Ila nikwambie kitu kimoja. Nyumba ile mimi nilikuwa nakaa. Usicheke. Nikiwa ndani ya shimo la lifti, giza, nasubiri mwenzangu awashe, nilikuwa nafungua mlango wa nyumba ile kichwani mwangu, natundika koti, nakaa chumba cha mbele, nasikia Mama anagomba jikoni. Nimefanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana barua yako nilizunguka nayo wiki nzima bila kukujibu. Nilimweleza mke wangu nikidhani atanionea huruma. Akaniuliza, "Na wakati wewe umekaa, nani alikuwa anafagia?"

Ichukue. Nimeandika karatasi mbele ya wakili na mashahidi wawili, mmoja wao ni yule bwana wa nyumba ya kuku, aliyetia sahihi huku anatikisa kichwa. Na ya mabati hiyo, nusu. Nusu nyingine utoe wewe, mtu asije akasema ulipewa kama sadaka. Kuta za mbele nilikuwa nazitaka za kijani, lakini sasa ni zako. Paka unavyotaka. Nasema rangi, sisemi yule.

Tunakuja mwezi wa kumi na mbili, wote watatu. Mwambie Mama. Hili mwambie.

Na huyo mwanamume aliyechoka kusubiri, ni nani? Namjua?

Kaka yako


20 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Msalimie wifi, na mtoto mbusu shavu. Yule aliyechoka kusubiri humjui. Ameoa.

Picha Mama anatembea nayo. Anawaonyesha hata wateja wa viti, watu wamefiwa, wanakuja na macho mekundu, yeye anawaambia, "Tazameni pua hii, si pua yangu?" Nao wanakubali, wafanyeje.

Tumehamia. Niliuza turubai la tundu na viti vyote vizee, nikaongezea nusu yangu, mabati yakapigwa. Fundi wako alinisalimia kwa jina langu halisi siku alipoona karatasi. Mvua ya kwanza imeshanyesha. Nililala, nikasikia kelele juu ya bati, nikanyoosha mkono gizani kuvuta kitanda, nikakumbuka hakuna haja. Nilibaki nimekaa nasikiliza kama mjinga. Kuta nimepaka njano, samahani.

Sasa Mwenyekiti. Tulimhamisha kwa heshima zote, kapu lake, kiti chake, mfuko wake wa paka anayecheka. Alizunguka vyumba, akanusa pembe, akakataa. Siku ya pili hakuonekana. Tulimtafuta mtaa mzima, mimi na Mama na lile goti, tukiita "Mwenyekiti, Mwenyekiti," mpaka mzee mmoja akatoka amevaa shati vizuri akauliza kikao ni cha nini.

Tulimkuta kwenye bucha ya pale kona. Amelala juu ya kaunta kando ya mizani, na ameshaanza kunenepa. Mwenye bucha anamwita Bibi. Anadhani ni jike, na kwa alivyomwona akikojoa sina la kumlaumu.

Nilichemka, kaka. Niliwaza mabati, niliwaza mrija, niliwaza kapu kichwani. Nikamwambia Mama, tumbebe huyu hayawani twende. Paka akafungua jicho moja, akanitazama kama mtu anayekufahamu ila ana wageni.

Mama hakumbeba. Alimkuna nyuma ya sikio. Akamuuliza mwenye bucha kama anampa maji ya kutosha, akamweleza habari za vijiwe tangu mwanzo, kwa sauti, mbele ya wateja, na akamwambia mabaki yasiwe na mafuta mengi. Yule bwana alisikiliza na kisu mkononi, anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Kisha Mama akanishika mkono tukarudi.

Njiani nikashindwa kunyamaza. "Kwa gharama zote zile, Mama, amekwenda kukaa kwa watu."

"Mwache," akasema. "Pa kula anapo, pa kulala anapo, na wanampenda. Mimi nilikuwa nataka nini zaidi? Aje kusalimia tu."

Tulitembea kidogo, yeye anachechemea, mimi namsoma uso. Nikamuuliza anamsema nani.

"Paka," akasema. "Kwani kuna mwingine?"

Halafu akaniambia nikuandikie hivyo hivyo.

Mdogo wako